Mlima Feza

Nyuma ya kinu cha mawese, pale Simbo,
kulikuwa na mlima ambao ramani haiujui.
Watoto waliuita Mlima Feza
kwa kumcheka Bi Feza Kashindi
aliyeujenga kwa chepeo miaka kumi na tisa,
toroli juu ya toroli,
jivu la makapi na vifuu vya mise
likitoka tanurini bado linanong'ona.

Upepo wa ziwa ukigeuka
mlima ulihama kidogo:
ukaingia kwenye nguo zilizoanikwa,
kwenye sufuria, kwenye vifua vya wachanga.
Bi Feza alikohoa, akasema,
"Mimi nimeolewa na jivu. Talaka sijaiona."

Nilikwenda na magunia mawili na barua yenye muhuri.
"Unataka nini?"
"Jivu."
Akanitazama viatu, kisha uso.
"Mwanangu, hili huwa tunalipa watu walichukue."

*

Maabara yetu ni kontena lililotobolewa madirisha.
Humo nilijifunza kwamba lami si weusi tu.
Ni kokoto kubwa, kokoto ndogo, mchanga,
na katikati yake, nafasi.
Maji ya masika hayabishi hodi;
yanaingia hapo, yanakaa, yanang'oa.
Ndiyo maana tunatafuta unga,
ukakae pale jiwe lisipoweza kukaa.
Zamani tuliletewa chokaa kwa lori, siku tatu njiani.

Nikachekecha jivu la Bi Feza.
Chekeche la mwisho lina matundu
ambayo jicho haliyaoni, linayasadiki tu.

Nikaanza na nane kwa mia.
Jivu likainywa lami yote, likabaki na kiu.
Tofali la majaribio likapasuka kabla ya nyundo ya arobaini,
na Gwimo, mpiga nyundo, akapangusa jasho:
"Hii barabara, fundi, au kashata?"
Sita. Kashata.
Tano na nusu: kashata yenye nazi nyingi.
Nne na nusu,
nyundo sabini na tano huku, sabini na tano kule,
kisha kwenye beseni la maji ya nyuzi sitini.
Nikalibana kwenye mashine, nikasubiri mlio.
Halikulia.
Sikumwambia mtu. Niliketi juu ya ndoo nikala muhogo wangu.

*

Mita mia tatu tu, kutoka kinuni hadi zahanati.
Masika ya kwanza yakapita. Ya pili.
Nikarudi na mashine ya kutobolea,
nikachomoa kipande kinene kama kikombe,
nikampelekea mwenyewe.
Akakilowesha kwa kidole gumba chenye mate,
akakigeuzageuza juani.
"Kokoto naziona. Jivu langu liko wapi?"
"Ndilo lisiloonekana, Bi Feza. Ndilo lililoshika."
Akakaa kimya.
"Basi tumefanana," akasema,
akakiweka mlangoni kuzuia mlango usijipige.

*

Siku hizi mlima haupo.
Kuna banda la mabati, kufuli, mlinzi,
na gunia lina bei.
Wapika sabuni waliokuwa wakijichotea bure,
na wale wa bustani za mchicha,
wanasimama langoni na madebe matupu.

Hilo sikuliandika.
Ripoti yangu ilikuwa na safu ya uimara,
safu ya nafasi, safu ya lami.
Haikuwa na safu ya debe.

Bi Feza bado anafagia.
Jioni anatoka, pindo la kanga limemning'inia zito,
anampita mlinzi bila haraka, akikohoa,
na mlinzi anageuka kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.
Nami huwa nipo ng'ambo ya barabara,
nimeinamia lile tundu nililotoboa,
nalijaza mchanganyiko uleule,
nalishindilia kwa kisigino,
sioni kitu.